Samaki wa Kanda ya Kati: Elimu Inayokauka Kabla ya Mabwawa

Mkoa wa Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka wa kawaida, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Katika mwaka huohuo jua na upepo vina uwezo wa kukausha zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Mto Bubu unaoshuka kutoka upande wa Babati na Kondoa hadi Bahi, Mto Kinyasungwe unaopita Chamwino na kuelekea Mpwapwa, pamoja na makorongo yanayoingia humo, hubaki mchanga mtupu kwa miezi mingi. Hata hivyo Kanda ya Kati ina samaki, ina wavuvi, na ina elimu ya kuvua ambayo haifanani na ile ya Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika wala Pwani.

Elimu hiyo haijapewa uzito unaostahili. Mipango ya uvuvi nchini hutazama maji makubwa kwanza, na mipango ya Dodoma hutazama zabibu, mifugo, mtama na alizeti. Samaki wa mabonde yanayokauka wameanguka katikati ya madawati mawili. Uchambuzi huu unauliza mambo matatu: uvuvi wa nchi kavu unasimama juu ya nini, umebadilishwa vipi na mabwawa ya karne ya 20, na katika stadi za zamani, zipi zinafaa kubebwa na zipi ziachwe. Dai langu ni kwamba kiini cha stadi hizi kilikuwa kusoma majira ya maji na kujua wakati wa kuacha. Tumezirithi zana, tena tukaziongezea ukali, lakini ule muda wa kuacha tumeutupa.

Maji yajayo na kuondoka

Anayetaka kuuelewa uvuvi wa kanda hii aanzie Bahi. Bonde la Bahi, ambalo sehemu yake hufahamika pia kwa jina la Ziwa Sulunga, halina njia ya kwenda baharini. Maji ya Bubu huingia, husambaa juu ya udongo mweusi wa mbuga, kisha hupotea kwa kufyonzwa na jua. Mwaka wa mvua nyingi panakuwa ziwa. Mwaka wa ukame panabaki ardhi iliyopasuka na ukoko mweupe wa chumvi. Kwa watu wa bonde hilo, mbuga ileile ni shamba la mpunga, malisho, machimbo ya chumvi na pahali pa kuvulia, kutegemea mwezi na mwaka.

Samaki wanaoishi hapa wamejengwa kwa maisha hayo. Kambale ana kiungo maalumu juu ya matamvua yake kinachomwezesha kuvuta hewa, hivyo huvumilia maji machache yenye tope ambamo samaki wengine hufa. Mafuriko ya kwanza yanapofika, huyafuata hadi kwenye nyasi zilizozama, huko hutaga mayai, na usiku wa mvua anaweza kujikokota juu ya ardhi iliyolowa kutoka dimbwi moja hadi jingine. Wapo pia samaki wadogo wa jamii inayoitwa kitaalamu Nothobranchius, ambao hukua upesi, hutaga katika udongo wa dimbwi, kisha hufa dimbwi linapokauka. Mayai yao hulala ardhini miezi mingi yakisubiri mvua. Mabonde ya kati ya Tanzania ni miongoni mwa makazi yao.

Yupo pia perege wa maji ya magadi, Oreochromis amphimelas, ambaye hapatikani nje ya Tanzania. Makazi yake ni Ziwa Manyara, Eyasi, Kitangiri, Singida na bonde hili la Sulunga, yaani mlolongo wa maji yasiyo na njia ya kutoka. Viumbe wa namna hiyo wangekuwa katika nchi nyingine wangeandikiwa vitabu vya watoto. Kwetu, wengi wa wakazi wa Jiji la Dodoma hawajui kwamba jirani wa jiji lao ni samaki asiyepatikana kokote nje ya nchi hii.

Maji ya namna hii yana utaratibu wake wa kuvua. Maji yakiwa yanapanda, samaki wanasafiri kwenda kuzaa, na kuwavua wakati huo ni kumvua mama akiwa njiani. Yakianza kushuka, samaki hurudi kwa kufuata mifereji ile ile, na hapo ndipo migono, yaani mitego ya kusuka yenye mdomo wa kuingilia usiotoa nafasi ya kutokea, huwekwa kwenye shingo za mifereji. Madimbwi ya mwisho yakibaki yamejitenga, uvuaji wake ni wa mikono, vikapu na mikuki, kwa kuwa samaki wa humo watakufa jua likikaza. Mvuvi wa hapa ana maswali mawili ya kujibu kila siku: maji yanapanda au yanashuka, na dimbwi hili litafika mvua ijayo au halifiki? Dimbwi linalofika ndilo ghala la mbegu ya mwaka unaofuata. Asiyelitofautisha na lisilofika anaumaliza uzao wa bonde zima.

Tawi la mti mmoja

Stadi hii haikukaa peke yake. Ukiiangalia kwa makini utaona kwamba mvuvi, mchunga ng'ombe, mchota maji, mvuna chumvi na mrina asali wa Kanda ya Kati wamesoma darasa moja, darasa la kujua maji yamejificha wapi na yatarudi lini.

Mchunga ng'ombe wa Kigogo anajua sehemu ya korongo ambayo mchanga wake umekalia mwamba au udongo wa mfinyanzi, na kwamba akichimba hapo Septemba atakuta maji. Anachimba kwa mteremko ili kingo zisimwangukie, anatenga kisima cha watu na hori la mifugo, na anakizungushia miiba fisi na ngedere wasikichafue. Katika karne ya 19 elimu hiyo ilikuwa nguvu ya kisiasa. Misafara ya pembe na ya watumwa kati ya Bagamoyo na Tabora haikuwa na njia ya kuikwepa Ugogo, na watemi waliomiliki visima walitoza hongo ambayo kila msafiri wa zama hizo, akiwamo Henry Stanley mwaka 1871, aliilalamikia na kuilipa. Mtemi huyohuyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa matambiko ya mvua katika nchi yake. Mamlaka ya watu na mamlaka ya maji yalikaa katika kiti kimoja.

Wanawake nao walibeba sehemu kubwa ya elimu hii, hasa ile ya kulisha nyumba kati ya mavuno mabaya na mvua inayofuata. Mlenda na mboga nyingine za porini huchumwa masika, hukaushwa na kuhifadhiwa kwa kiangazi. Ubuyu hukusanywa. Samaki wa madimbwi hupasuliwa na kuanikwa au kubanikwa juu ya chanja ili wadumu. Ugogo imepita njaa nyingi zenye majina. Mbaya zaidi katika kumbukumbu ni Mtunya, ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, pale majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipochukua nafaka, mifugo na wapagazi, kisha ukame ukafuata. Waliobaki hai walisaidiwa kwa kiasi kikubwa na pori, na pori halimsaidii mtu asiyelijua.

Kaskazini mwa mkoa, katika Wilaya ya Chemba, Wasandawe wa Kwa Mtoro, Farkwa na Sanzawa wana historia ndefu ya upinde, mizizi na asali. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, inaonyesha kwamba watu wamekuwa wakiishi kwa kuwinda na kukusanya katika milima hii tangu zamani sana. Magharibi zaidi, vichaka vya Itigi na Manyoni vimewapa watu wa Singida sifa ya asali inayouzwa nchi nzima. Mrina asali hufuata maua, na maua hufuata mvua. Kwa hiyo naye ni msomaji wa maji.

Mabwawa yaliyoleta wavuvi wapya

Karne ya 20 ilibadilisha sura ya maji ya Kanda ya Kati kwa kuyazuia yasiondoke. Serikali ya kikoloni ilichimba na kujenga mabwawa kwa ajili ya mji, reli na mifugo. Bwawa la Hombolo, kaskazini-mashariki mwa mji wa Dodoma, lilijengwa mwaka 1957 kwenye tawi la Kinyasungwe. Ikowa, katika Chamwino ya leo, nalo ni la miaka ya 1950. Baadaye likaja bwawa lililoyazidi yote, yaani Mtera. Lilijengwa juu ya Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa, likakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, lengo lake la kwanza likiwa kuhifadhi maji kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu. Mitambo yake yenyewe ya megawati 80 ilianza kazi mwaka 1988. Likijaa, uso wake hufikia takriban kilomita za mraba 600.

Mahali palipokuwa mto na mbuga pakawa ziwa, na ziwa likavuta wavuvi. Wengi walikuja na ujuzi wa kwao kutoka kandokando ya maziwa makubwa: mitumbwi, nyavu za kutega usiku, ndoana za mstari mrefu, taa. Wenyeji wakajifunza kwao. Vijiji vya ufukwe kama Migoli, upande wa Iringa, vikawa masoko, na msafiri wa barabara ya Dodoma hadi Iringa akaanza kupokewa Mtera na beseni za perege na kambale wa kukaanga. Uchumi huo ni wa kweli, na akina mama wanaokaanga, kukausha na kusafirisha wamesomesha watoto kwa samaki wa bwawa hili.

Tatizo ni kwamba Mtera lina sura ya ziwa na tabia ya mbuga. Kina chake cha juu cha kuhifadhia maji ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na cha chini kinachoruhusu kuzalisha umeme ni mita 690. Tofauti ya mita nane na nusu katika nchi tambarare ina maana ufukwe unaweza kusogea kilomita nyingi. Oktoba 2015 maji yalipungua hadi mitambo ikazimwa. Katika miaka ya mvua kubwa bwawa hufurika hadi maji hufunguliwa.

Perege huchimba viota vyake kwenye maji mafupi ya pembeni, na jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni hadi wajiweze. Maji yakishushwa upesi wakati wa kuzaliana, viota hubaki nchi kavu. Wavu wa kokoro ukikokotwa ufukweni, husomba viota, majike wenye mayai na vifaranga kwa mara moja. Nyavu za timba, ambazo samaki hawazioni, na vyandarua vya kuzuia mbu vilivyogeuzwa nyavu, humalizia waliobaki. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za 2009 zinakataza kokoro, timba na sumu. Bado zana hizo huonekana, kwa sababu anayezitumia hana uhakika kwamba maji yatakuwapo mwaka ujao, na mtu asiye na uhakika wa kesho huvua vyote leo.

Hapa ndipo ulipo mkatiko wenyewe. Wavuvi wa maziwa makubwa walileta zana za maji yasiyokauka katika maji yanayokauka. Wenyeji waliokuwa na elimu ya maji yanayokauka hawakuwa na cheo cha kuwafundisha wageni wala serikali. Hakuna aliyekaa chini kuunganisha vyote viwili.

Adui aliye juu ya mlima

Itakuwa dhuluma kumtupia mvuvi lawama zote. Hatari kubwa za samaki wa Kanda ya Kati hutokea mbali na maji, nazo ni tatu.

Ya kwanza ni tope. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wakiwamo Anders Rapp na Carl Christiansson walipima mmomonyoko wa udongo na ujazo wa mabwawa ya Ikowa, Matumbulu na Msalatu. Walionyesha kwamba milima iliyopoteza uoto inashusha udongo mwingi kiasi kwamba uhai wa bwawa dogo la Dodoma ni wa miongo michache. Serikali ililielewa jambo hilo ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaondoa mifugo yote katika eneo la kilomita za mraba 1,256 la milima ya Kondoa. Uoto ulirudi. Gharama kwa wafugaji waliohamishwa ilikuwa kubwa, na mjadala juu ya haki ya hatua ile bado ni halali, lakini somo la ardhi halipingiki: mlima ukivikwa majani, korongo hutulia. Hombolo na Kinyasungwe hazikupata ulinzi wa kiasi hicho. Udongo unaozijaza ni uleule unaoshuka hadi Gulwe na Kilosa na kuivunja reli ya kati mara kwa mara.

Ya pili ni matumizi ya maji ya juu. Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukatika wakati wa kiangazi mwaka 1993, na kilimo cha umwagiliaji cha Usangu kimetajwa katika kila mjadala wa sababu zake. Kuhusu Bubu, swali liko mbele yetu. Bwawa la Farkwa, lililopangwa kulipatia Jiji la Dodoma chanzo kikubwa cha maji, litazuia sehemu ya mafuriko yanayoipa Bahi mpunga na samaki. Jiji lenye watu 765,179 kwa Sensa ya 2022 lina haki ya kunywa maji. Watu wa Bahi nao wana haki ya kuelezwa ni mafuriko kiasi gani wataachiwa, na katika mwezi upi.

Ya tatu ni shule zisizofundisha elimu hii. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, una kampasi Mbegani, Nyegezi, Kigoma, Mikindani na Rorya, zote kandokando ya maji makubwa. Makao ya wizara yenye dhamana ya uvuvi yapo Dodoma, lakini kijana wa Bahi anayetaka kusomea samaki wa bonde lake hana kampasi ya wakala huo karibu naye. Mtoto wa darasa la tano huku anafundishwa uvuvi kama jambo la watu wa mbali, na babu yake anayejua dimbwi litakalofika mvua ijayo haitwi darasani hata siku moja.

Kipi kibebwe, kipi kiachwe

Kutetea elimu ya wazee hakumaanishi kuikumbatia yote. Kuvua kwa utupa, mmea ambao majani yake hupondwa na kulevya samaki, ni ujuzi wa kale, na ni haramu kwa haki kabisa: unaua vifaranga na wadudu wa maji bila kuchagua. Madimbwi madogo yana kichocho, Mtera lina mamba na viboko, na hakuna heshima katika kuwaingiza watoto majini bila kinga kwa jina la mila. Kubanika samaki kwa kuni nyingi katika mkoa uliokwisha kukatwa miti ni kuongeza tope la mwakani. Uwindaji nao umewekewa mipaka ya mapori ya akiba kama Swagaswaga, Mkungunero, Muhesi na Kizigo. Mipaka hiyo imemnyang'anya Msandawe baadhi ya ardhi ya babu zake, na jibu lake haliwezi kuwa ujangili. Linapaswa kuwa asali, utalii wa michoro na umiliki wa ardhi wa pamoja, kama Wahadza wa Bonde la Yaeda walivyoupata kwa hati za kimila mwaka 2011.

Kinachofaa kubebwa ni kalenda, mpaka na zana inayochagua. Kalenda, kwa maana ya kupumzisha maji kwa kufuata mafuriko yenyewe. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na kwa ziwa kubwa tarehe za kudumu zinafaa. Katika Bahi na Hombolo mvua inaweza kuja Novemba au Januari, hivyo mapumziko yaanze siku maji ya kwanza yanapofika, na wanaoijua siku hiyo ni wenyeji. Mpaka, kwa maana ya kuyatenga madimbwi ya mbegu na kuyaacha bila kuguswa. Zana inayochagua, kama mgono ambao hushika samaki akiwa hai, hata mwenye mayai akarudishwa majini. Hayo matatu yanaweza kuandikwa katika sheria ndogo za kijiji na kusimamiwa na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo sheria inaviruhusu tayari.

Gharama ya kupuuza elimu ya wenyeji tumewahi kuiona: mradi wa karanga wa Kongwa, kati ya 1947 na 1951, ulikuja na matrekta na wataalamu, ukaipuuza mvua ambayo kila mkulima wa Kigogo angeweza kuieleza, ukafa na fedha nyingi za Uingereza. Somo hilo limelala katika ardhi ya mkoa huu kwa zaidi ya miaka 70, na halipaswi kurudiwa majini.

Kwa hiyo yapo mambo manne ya kudaiwa, na hakuna hata moja linalongoja mfadhili. Halmashauri za Bahi, Chamwino, Chemba na Mpwapwa ziwaite wazee na wavuvi ziandike kalenda ya maji ya kila bonde kabla walioijua hawajaondoka. Mkondo wa amali ulioanza katika mitaala mwaka 2024 uweke uvuvi wa maji ya msimu, ufugaji nyuki na uchimbaji wa visima vya mchangani katika shule za kanda hii, na waliobobea walipwe kufundisha. Uamuzi wa kufungua na kufunga maji ya Mtera uwahusishe wavuvi katika majira ya kuzaliana kwa perege. Na usanifu wa bwawa lolote juu ya Bubu utaje wazi kiasi cha mafuriko kitakachobaki kwa ajili ya Bahi.

Wewe msomaji uliye Dodoma una sehemu yako pia. Muulize anayekuuzia perege alivuliwa wapi na kwa wavu gani, na kataa samaki wachanga hata wakiwa rahisi. Na kama nyumbani kwenu yupo mzee anayejua korongo lipi lina maji Septemba, kaa naye uandike.